Jembe Si Adhabu

Leo naomba mniruhusu nianze kwa kuungama. Kwa muda wa miaka saba niliyofundisha shule, kila mtoto aliyechelewa, aliyesahau daftari au aliyepiga domo darasani, nilimwonyesha jembe lililosimama nyuma ya mlango. "Chukua hilo, ukalime mpaka kengele ilie." Mtoto alitoka ameinamisha kichwa, na wenzake wakamcheka. Ndivyo nilivyofanyiwa mimi mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi, hata seminarini, wala sikuona ubaya wowote. Nilidhani nafundisha utaratibu. Kumbe nilikuwa nafundisha jambo lingine kabisa: kwamba udongo ni wa wakosaji, na kwamba mtu aliyesoma hushika kalamu, wala hashiki mpini.

Somo hilo watoto walilishika upesi kuliko hesabu. Nami mwalimu wao nilikuwa nimelishika kabla yao. Nilipooa na kupata kiwanja kidogo hapa Bunia, parseli kama tusemavyo, sehemu ya nyuma ya nyumba, yapata hatua kumi na tano kwa kumi, niliwaachia majani na mbuzi wa jirani. Chakula chetu kilitoka sokoni, nami nilijiona mtu wa heshima.

Mji unaolishwa na barabara

Bunia ni makao makuu ya jimbo la Ituri tangu Ituri ilipofanywa jimbo la peke yake, mwaka 2015. Mji wetu umekaa juu, kimo cha zaidi ya mita 1,200, hali Ziwa Albert lililo mashariki yetu liko kwenye kimo cha mita 620 hivi. Kwa hiyo hewa yetu ni ya kiasi, haina joto kali kama lile la Kasenyi ufukoni. Mvua hurudi mwezi wa Machi, hupungua kidogo katikati ya mwaka, kisha huzidi tena tangu Agosti hata Novemba. Ukavu wa kweli ni wa kuanzia Desemba mpaka Februari tu. Mgeni akisikia hayo atasema: watu wa nchi hii hawawezi kuona njaa.

Lakini twaijua njaa. Tangu Desemba 2017, vita ilipowaka upya katika wilaya ya Djugu, mamia ya maelfu ya watu wameyaacha mashamba yao. Wengi walikimbilia Bunia, wakakaa katika kambi kama ile ya Kigonze. Mashamba yaliyoulisha mji yakageuka pori, na waliokuwa wakituuzia chakula wakawa wanakitafuta pamoja nasi. Barabara ya Komanda na ile ya Mahagi zimefungwa mara nyingi kwa sababu ya mashambulio. Lori likikwama njiani, bei ya unga na maharage sokoni hupanda siku ile ile.

Katika mwaka mmoja wa namna hiyo mshahara wangu ulichelewa miezi mitatu. Jioni moja mke wangu aliweka mezani bugali na chumvi katika kisahani. Binti yetu, aliyekuwa na miaka sita, akatazama sahani, akanitazama mimi, akauliza: "Baba, mboga iko wapi?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimefundisha watoto wa wenzangu majina ya mito ya Ulaya, wala sikujua kumwoteshea mtoto wangu jani moja la lengalenga. Kesho yake, kabla ya jua kutoka, nilishika jembe.

Makosa yangu matatu

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Mimi sikuchagua jembe, lakini mengine yote niliyakosa.

Kosa la kwanza: nililima kiwanja chote kwa mara moja, tena mwezi wa Februari, udongo ukiwa mgumu kama tofali. Baada ya siku tatu mikono ilikuwa na malengelenge, na moyo umechoka kabla ya kupanda hata mbegu moja.

Kosa la pili: nilipanda kila kitu: nyanya, kabichi, karoti, mahindi, maharage, vitunguu na lengalenga. Mbegu za lengalenga, zilizo ndogo kuliko punje za chumvi, nilizifukia kina cha kidole kizima. Hata leo hazijatoka.

Kosa la tatu: nilisikia kwamba mavi ya kuku ni mbolea kali, basi nikayachukua mabichi bandani, nikayarundika penye mashina ya miche ya nyanya. Kwa siku nne tu ilikauka kana kwamba nimeichoma moto. Michache iliyopona iliozeshwa na mvua za Aprili. Nikamwambia mke wangu: "Ardhi hii imelaaniwa." Naye akajibu kwa upole: "Ardhi, ama mkulima wake?"

Wakati huo mama mmoja mzee, mkimbizi kutoka Djugu, alikuwa akipita kila asubuhi na mzigo wa kuni za kuuza. Siku moja alitua mzigo wake penye ua, akanitazama nikipanda tena. Nikamwamkia, naye akaitikia, kisha akauliza:

"Mwalimu, unapanda mbegu ama unazizika?"

"Napanda, Mama."

"Hapana, mwanangu. Aliyekufa ndiye huzikwa kwenda chini. Mbegu ndogo hii hufunikwa kama mtoto mchanga, kwa kitambaa chepesi, apate kupumua."

Akaingia, akapiga magoti, akachora mstari kwa kidole. Nilipomtazama mikono yake ikitembea katika udongo, nilielewa kwamba nipo mbele ya mwalimu. Alikuwa amelima miaka arobaini shamba lililotoka mtoni mpaka kilimani. Sasa alikuwa na hema na wajukuu wanne. Sisi tulikuwa na ardhi bila maarifa, yeye alikuwa na maarifa bila ardhi. Tukapatana siku ile ile: yeye atufundishe, sisi tutoe kiwanja na maji, na mavuno tugawane nusu kwa nusu.

Majirani wengine walinung'unika. "Mwalimu, wawezaje kumwingiza mtu wa kabila lile katika ua wako, na wajua yaliyotokea?" Sitataja kabila lake wala langu. Ninyi mnaokaa Ituri mnajua jinsi neno hilo lilivyotumwagia damu tangu 1999 mpaka 2003, na tena katika miaka hii. Niliwajibu tu kwamba mtoto wangu aliomba mboga, na kwamba mama huyu ndiye aliyejibu.

Tuta moja tu

Jambo la kwanza alilotuamuru lilinishangaza: tuache kiwanja chote isipokuwa tuta moja. Mita moja kwa upana, mita nne kwa urefu. Upana ule una maana yake: mtu aliyechuchumaa pembeni aweza kufika katikati kwa mkono wake, wala hana haja ya kukanyaga udongo uliokwisha kulainishwa. Mahali pawe penye jua la kutosha, karibu na mlango wa jiko, maana bustani isiyoonekana husahauliwa. Tena pawe na ua, hata wa miti na miiba, kwa sababu mbuzi hajui amri ya saba.

"Tuta hili likikushinda," alisema Mama, "umepoteza asubuhi moja. Likikutii, utaongeza la pili." Ndivyo tulivyofanya. Leo tunayo sita, lakini ilituchukua miaka miwili. Wanaoanza kwa pupa huacha kwa pupa. Mimi ni shahidi.

Kazi ya pili ilikuwa kulisha udongo kabla ya kuutaka utulishe. Tulichimba shimo la kina cha goti, tukaweka tabaka za majani makavu, majani mabichi, maganda ya ndizi na ya viazi, mavi ya mbuzi na majivu kidogo, tukimwagia maji kila tabaka mpaka likawa na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa. Kila juma la tatu tuliligeuza. Baada ya miezi mitatu hivi lile rundo likawa mboji: udongo mweusi, mlegevu, wenye harufu ya msitu baada ya mvua. Mbolea iliyooza hivyo haichomi mche. Huo ndio uliokuwa ufunguo wa kosa langu la tatu. Mavi mabichi yana ukali mwingi. Lazima yakae na kuoza kwanza, kama vile hasira ya mtu inavyohitaji kulala usiku mmoja kabla ya kusema neno.

Mazao ya mwanafunzi

Je, mwanafunzi apande nini kwanza? Apande kile ambacho familia yake inakula, na kile kinachosamehe makosa.

Lengalenga ndilo zao la kwanza. Changanya mbegu na mchanga mkavu zipate kutawanyika sawasawa, zimwage katika mistari iliyoachana sentimita 20, zifunike kwa udongo mwembamba kabisa, kisha tandaza majani makavu juu mpaka uone zimechipuka. Hazipiti siku nyingi. Zikisongamana, punguza, na hizo ulizong'oa ni chakula. Baada ya majuma matatu au manne waanza kuvuna. Usiling'oe shina, likate ukiache kisiki chenye majani machache, nalo litachipuka tena, hata mara kadhaa. Mashina mawili yaliyo bora kupita yote usiyaguse kamwe: yaache yatoe mbegu za msimu ujao.

Maharage ni la pili. Weka punje mbili katika kila kishimo, kina cha sentimita 4, kishimo na kishimo sentimita 20, mstari na mstari sentimita 40. Aina fupi hukomaa kwa miezi mitatu hivi. Nayo yana siri nzuri ya Muumba. Ng'oa shina moja kabla halijakauka, utaona vinundu katika mizizi. Vipasue, na vikiwa vyekundu ndani, vinafanya kazi. Humo hukaa vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo huchukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mmea. Kwa hiyo ukivuna maharage, kata shina, uache mizizi ardhini.

Tatu ni viazi vitamu, hasa vile vyenye nyama ya rangi ya machungwa. Hivyo vina kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho na kuwapa watoto nguvu ya kupigana na magonjwa. Jambo hilo lina uzito hata mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani ilitolewa kwa wataalamu wanne walioshughulikia mazao yenye vitamini, na mmoja wao ni jirani yetu, Dakta Robert Mwanga wa Uganda. Panda vipande vya mzabibu wake, yaani ile mikunjo itambaayo, vya urefu wa sentimita 30, theluthi mbili zikiwa chini ya udongo. Nayo matembele yake ni mboga kabla viazi havijakomaa.

Muhogo tuliupanda pembeni, kwa ajili ya sombe. Mama alitukataza kuchukua vijiti kwa mtu yeyote tu. Majani yenye makunyanzi na mabaka ya njano ni dalili ya ugonjwa wa batobato, ulioharibu mashamba ya Uganda tangu miaka ya mwisho ya 1980 na kuenea katika nchi za jirani. Huenezwa na inzi weupe wadogo, lakini pia na sisi wenyewe, tunapopeana vijiti vyenye ugonjwa. Chagua mashina yenye majani safi. Ukiona mmea mgonjwa, ung'oe.

Nyanya, karoti na kabichi tuliziacha mpaka mwaka wa pili. Nyanya hasa hupenda majivuno: yahitaji kitalu, kuhamishwa, kufungwa kwenye mti, na kulindwa na mvua nyingi zinazoozesha majani yake.

Kuhusu maji: wakati wa ukavu bidoni moja ya lita 20 yatosha kwa tuta moja la namna hiyo kila jioni, ukimwaga polepole kwa kopo lililotobolewa matundu madogo. Majani makavu yaliyotandazwa kati ya mistari huzuia jua lisiyanywe maji kabla ya mimea. Kuhusu wadudu: tazama chini ya majani kila asubuhi, uwatoe kwa mkono. Dawa zinazouzwa katika vichupa visivyo na maandishi msizinunue. Hujui zilizomo, wala hujui siku ngapi zipite kabla ya mtoto kuyala majani yale.

Asiye na kiwanja

Najua wengi mtasema: "Mwalimu, wewe una parseli, sisi tumepanga chumba kimoja." Basi chukua gunia. Tafuta ndoo kuukuu iliyokatwa kitako, isimamishe katikati ya gunia, uijaze mawe madogo. Kandokando yake jaza udongo uliochanganywa na mboji, sehemu mbili kwa moja. Vuta ndoo juu, mawe yabaki mahali pake. Jaza tena, mpaka gunia limesimama kama nguzo. Maji humiminwa juu ya mawe, nayo hushuka na kuenea pande zote. Toboa matundu mbavuni, ukiyapishanisha, upande miche ya lengalenga, ya kabichi, ya vitunguu. Juu weka pilipili. Gunia hili lahitaji nafasi ya kiti kimoja tu, na ukihamishwa nyumba, miche waweza kuiatika katika gunia jingine.

Wengine mtasema hamna nafasi. Mimi naingia bustanini nusu saa kabla ya kengele ya kanisa, na nusu saa jioni. Ni saa ile ile niliyokuwa nikiitumia kulalamika juu ya bei ya soko.

Bustani ilikuwako kabla ya dhambi

Sasa narudi kwenye ungamo langu. Nilifundishwa, nami nikafundisha, kwamba kulima ni laana aliyopewa Adamu. Lakini fungueni kitabu cha Mwanzo mkisome kwa utaratibu. Katika sura ya pili Mungu anamweka mtu bustanini ailime na kuitunza. Dhambi inakuja katika sura ya tatu. Jembe, basi, lilitangulia kosa. Kilichofuata kosa ni miiba, jasho na taabu. Kazi yenyewe ilikuwa zawadi. Tena asubuhi ya Pasaka, Maria Magdalena alipomwona Bwana mfufuka, alimdhania kuwa mtunza bustani, wala Bwana hakuona haya kudhaniwa hivyo. Na Kanisa lilipomtangaza Isidori wa Madrid kuwa mtakatifu, mwaka 1622, lilimweka altareni mtu aliyeishi kwa kulima shamba la mwingine.

Enyi wazazi na walimu wenzangu, nawasihi: msimpe mtoto jembe kwa hasira. Mimi nimeliondoa nyuma ya mlango. Sasa darasa langu lina matuta manne kando ya ukuta, na juma linapoanza, wanafunzi waliotangulia katika kazi ndio wanaopewa heshima ya kupanda. Msiniulize wachelewaji nawapa adhabu gani badala yake; hakika siwapi kitabu wakinakili, maana nitakuwa nimefanya kwa kitabu kosa lile lile nililofanya kwa jembe.

Mama bado yuko kambini. Hawi tajiri kwa nusu ya matuta sita, wala sisi. Mshahara ukichelewa bado twaumia, na unga bado twaununua. Lakini katika nyumba mbili mboga haikosi mezani, na wale majirani walionung'unika, wawili kati yao wamekuja kumwomba mbegu. Aliwapa. Nilipomuuliza kwa nini, alisema: "Nikiwanyima, wataendelea kuniogopa."

Msimu uliopita, tulipogawana maharage, niliona ametenga konzi moja ya punje nono, akazifunga katika pindo la kitenge chake. Nilidhani ni za wajukuu, nikamwambia: "Mama, chukua na hizi zetu, wapate kula." Akatikisa kichwa.

"Hizi haziliwi, mwanangu. Hizi ni za kule nyumbani. Siku amani itakaporudi, sitaki kufika mikono mitupu kwa shamba langu."

Kila mavuno hubadilisha zile za zamani kwa mpya, zisife. Nami kila nionapo lile fundo katika pindo la kitenge, namwomba Mungu yeye awahi kulifungua.